Ndimu, Mvua na Maji ya Kisima

Miaka ya mwanzo dawa yetu ilikuwa ndimu. Matone ya kupimia yakionyesha buluu, maana yake pH ya maji ya pipa imepanda mno, tulikamua ndimu tatu nne, tukakoroga, tukapima tena. Buluu ikawa kijani, kijani ikawa manjano, tukateremka kutoka juu ya nyumba tumeridhika. Kesho yake asubuhi buluu imerudi.

Nyumba yetu iko Kisauni, na Kisauni, kama sehemu kubwa ya Mombasa, imekaa juu ya jiwe la matumbawe. Maji ya bomba, yale yanayotoka mbali huko Mzima, Marere na Baricho, huja yanapojisikia. Siku nyingine zote tegemeo ni kisima. Maji ya kisima chetu yana chumvi kidogo tu, lakini yamepita katika jiwe hilo na kubeba chokaa, ndiyo maana birika la chai lina ukoko mweupe ndani usiosuguka ukatoka. Maji hayo hayo ndiyo niliyoyapandisha juu ya paa la zege, nikayatia mbolea na kuyazungusha kwa pampu ndogo kwenye mabomba ya PVC yaliyotobolewa, humo mizizi ya saladi na mrehani ikining'inia bila udongo.

Kipimo cha pH alikibuni Mdenmaki Søren Sørensen mwaka 1909 katika maabara ya Carlsberg, Copenhagen, yaani mali ya kiwanda cha bia. Marehemu bibi angelisikia hilo, vichupa vyangu visingelikanyaga jikoni kwake. Saba ni katikati, chini yake ni tindikali, juu yake ni alikali, na kila hatua moja ni mara kumi. Kwa hiyo maji ya 8 na maji ya 6 yanapishana mara mia. Mboga zinazokuzwa bila udongo hupenda 5.5 hadi 6.5. Maji yakivuka 7, madini ya chuma hujitenga na mizizi haiyapati, hata kama umeyatia kwa wingi. Jani changa hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Mrehani wangu ulivaa sura hiyo msimu mzima.

Ndimu, kumbe, ilikuwa na walaji wake. Tindikali yake ni chakula cha bakteria, na katika maji yenye joto la pwani huimaliza upesi. Lakini hiyo ilikuwa nusu ya habari. Nusu ya pili alikuja nayo ami yangu, ambaye maisha yake yote ya kazi aliyapitisha akitunza mabwawa ya kuogelea ya mahoteli.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Maji haya wayapima nini?"

"pH."

"Hiyo ya pili. Pima kwanza kinachoyashika."

Akatoa mfukoni kichupa kingine. Tone baada ya tone, akihesabu kimya kimya, mpaka maji ya kijani yakageuka mekundu. Kwenye bwawa la hoteli, alisema, alkalini, yaani hicho kinachoyashika maji, inayotakiwa ni miligramu 80 hadi 120 kwa lita. Kisima chetu kilivuka 300.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kubadilika juu ya paa letu. Chokaa iliyoyeyuka majini, yaani baikaboneti, humeza tindikali unayoitia kabla namba haijasogea. Hata namba ikishuka, usiiamini bado: tindikali na baikaboneti zikikutana huzaa hewa ya ukaa, nayo ikiwamo majini huyafanya maji yawe makali kwa muda. Pampu ya hewa ikipuliza usiku kucha, hewa hiyo hutoka, namba hupanda, na asubuhi mtu anaulaumu mmea ambao haujafanya lolote.

Tukaacha kutia dawa kwenye pipa la mimea. Maji ya kisima yakawa yanatengenezwa kando, kwenye pipa lake, kwa asidi ya fosforiki kutoka duka la pembejeo, glavu mkononi na miwani machoni. Ami alikuwa mkali juu ya jambo moja: asidi ndiyo inayomiminwa majini, kamwe si maji kwenye asidi. Pipa lilipuliziwa hewa hadi kesho yake, kisha ndipo likapimwa. Njia hii inafanya kazi, ila katika maji yenye chokaa nyingi namna ile fosforiki inahitajika nyingi, na ikizidi hushikana na kalsiamu ikatua chini kama unga mweupe. Ami alipendekeza asidi yake ya bwawa. Nilikataa, maana ile huongeza kloridi, na kisima cha pwani kinayo ya kutosha.

Kokoto tulizoshikizia mizizi nazo zikaondoka. Kokoto za huku ni matumbawe yaliyovunjwa; zimwagie siki uone zinavyotoa povu. Badala yake tukatia makumbi ya nazi, lakini yasafishwe mara nyingi, kwa sababu mengi yamelowekwa baharini ili kusokotwa kamba.

Kisha ikaja masika, na maji ya mvua kutoka kwenye mabati ya banda la nyuma. Nilidhani raha imefika. Maji ya mvua hayana kinachoyashika kabisa: matone machache ya asidi yanayaporomosha hadi 4, na yakipanda yanapanda kwa pupa. Afadhali ukaidi wa kisima; ule angalau unautabiri. Tulipochanganya sehemu moja ya kisima na tatu za mvua, alkalini ilikuja karibu 75, na kwa mara ya kwanza namba ilitembea taratibu.

Kupanda kwa namba kulikobaki kulitokana na mimea yenyewe. Mmea ukila naitreti, mizizi hutoa baikaboneti. Ukila nitrojeni ya amonia, hutoa tindikali. Chembe kidogo ya salfeti ya amonia katika mchanganyiko ilituliza kupanda huko. Kidogo kweli, kwa kuwa mizizi iliyo katika maji ya moto haiivumilii ikizidi.

Siku hizi siikimbilii namba. Ikianza wiki 5.6 na kuimaliza 6.4, naiacha, sababu madini mengine huingia vizuri ikiwa chini na mengine ikiwa juu. Kaskazi ndiyo bado ngumu: mvua imekwisha, tangi tupu, tunarudi kwenye pipa la kando na fosforiki.

Mwaka jana nikapanda pilipili, na mambo yakaja kinyume. Zikijaa matunda hunyonya potasiamu kwa wingi, na namba huteremka siku hadi siku. Ami akasema nitie magadi, kama alivyokuwa akitia bwawani. Magadi yana sodiamu, na pilipili haina haja nayo. Nateka maji ya kisima, nayatia kidogo kidogo, napima. Namba inapanda, na kalsiamu inaingia humo humo.