Kidonge Kimoja Mbuzi Wakitoka Bomani

Dawa za utotoni mwangu huko Doldol zilitiwa katika bahasha ndogo za karatasi, juu yake kalamu imeandika 1 x 3. Nyanya yangu aliwajua ng'ombe wake wote kwa rangi na kwa ukoo, lakini bahasha hiyo alinipa mimi, mtoto wa shule ya msingi, nimsomee. Majirani wengine walimeza dawa mpaka homa ilipotulia, zilizobaki wakamwekea mgonjwa atakayefuata.

Huku kwetu Doldol, eneo la Mukogodo, kaskazini mwa Nanyuki, nyumbani tunasema Kimaa. Wauguzi wengi walitoka Nyeri au Meru, nao akina nyanya walikuwa na Kiswahili cha sokoni tu. Wakiulizwa kama wameelewa, waliitikia ndiyo kwa heshima.

Muuguzi mmoja aliyekaa nasi muda mrefu aliliacha swali hilo. Alisema, "Mama, hebu nionyeshe utakavyompa mtoto." Akajifunza pia kuigawa siku kama tunavyoigawa sisi: kidonge kimoja mbuzi wakitoka bomani, kimoja jua likiwa utosini, kimoja mbuzi wakirudi. Sijaona maelezo ya daktari yaliyo bora kuliko hayo.

Kisha ukaja utepe wa kupimia mkono wa mtoto. Nyekundu ni chini ya sentimita 11.5, njano inafika 12.5, kijani ni salama. Katika ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ilipotupita na mifugo ikafa, niliwaona akina mama wakiuzungusha utepe wenyewe, wakaona njano, wakaanza safari ya zahanati kabla mtoto hajalegea. Hakuna aliyewasomea chochote.

Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa kiwango chake cha kusoma. Kwa maoni yangu, waliolitia agizo hilo uhai ni wahudumu wa vijijini. Septemba 2023 serikali iliwazindua 100,000 nchini kote, wahamasishaji wa afya ya jamii, wenye mikoba ya vipimo na simu. Ni watu wa huku huku; anayekupima presha ni binti wa jirani, na unaweza kumuuliza mara ya pili bila haya.

Kazi yao nyingine sasa ni kueleza SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya mfuko wa zamani, NHIF, Oktoba 2024. Nilimsikiliza mmoja wao akiwaeleza wazee kwa Kimaa: kujisajili kunatosha ili utibiwe zahanati, lakini ukilazwa hospitalini lazima mchango uwe umelipwa, na asiye na mshahara hulipa wa mwaka mzima. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Mzee mmoja akapiga hesabu, 3,600, akauliza: nikilipa mwaka huu, mwakani mbuzi wakafa? Akajibiwa waziwazi kwamba asipolipa, hatalipiwa kitanda. Akataka kujua kama anaweza kungoja siku ya soko la mifugo ndipo alipe.