Kitenzi cha Kiingereza Si Neno Moja: Kosa Tulilolifundisha Wenyewe

Muhula uliopita, wakati wa mazoezi ya kufundisha, tuliketi nyuma ya Darasa la Sita kumkagua mwalimu mwanafunzi wetu wa somo la Kiingereza. Andalio lake la somo lilikuwa safi, na ubao aliupanga vizuri. Aliandika sentensi hii: "The boys have been playing football." Kisha akawataka watoto wapige mstari chini ya kitenzi.

Msichana mmoja alikuja ubaoni, akapiga mstari chini ya "playing". Akaambiwa amekosa. Wa pili akachagua "have", wa tatu "been", nao wakarudishwa. Hatimaye mwalimu mwenyewe akapiga mstari chini ya maneno yote matatu. Ndipo yule msichana akauliza kwa adabu, "Mwalimu, si ulisema kitenzi ni neno linaloonyesha tendo?" Kijana wetu akanyamaza, akatutazama.

Wakati huo tulikuwa tumekwisha andika katika fomu ya ukaguzi kuwa mwalimu huyu hajalimudu somo lake. Tukaifuta sentensi ile. Fasili aliyoitumia aliipokea kwetu chuoni, neno kwa neno. Watoto waliifuata kwa uaminifu, na kila mmoja alikuwa ameshika kipande cha jibu.

Tuliporejea chuoni tulitafuta chanzo. Mtoto wetu amezoea Kiswahili, ambamo kitenzi kimoja hubeba mengi. "Hawajacheza" ni neno moja: "ha-" inakanusha, "-wa-" inataja watendaji, "-ja-" inaonyesha kuwa tendo halijatimia hadi sasa, na "-chez-" ndio mzizi. Kiingereza huugawa mzigo huo: "They have not played yet." Hata hivyo, daraja lipo. Katika "walikuwa wakicheza", Kiswahili nacho hutumia maneno mawili kwa tendo moja. Somo lianzie hapo.

Tangu siku hiyo tunafundisha kirai kitenzi kwa hatua tatu. Kwanza, mwanafunzi atafute kitenzi kikuu, kisha arudi kushoto akusanye vitenzi visaidizi vyote. Visaidizi hivyo vina mpangilio wake: vya namna ya "will", "can" na "must" hutangulia, hufuata "have", kisha "be", kama katika "will have been playing".

Pili, aigeuze sentensi iwe swali: "Have the boys been playing football?" Kisaidizi cha kwanza kimeruka kiima, kirai kimekatwa vipande viwili, lakini bado ni kimoja. Sentensi isiyo na kisaidizi, kama "The boys play football", hujitambulisha kwa kuazima "do" katika swali.

Tatu, aikanushe: "The boys have not been playing football." Neno "not" limeingia baada ya kisaidizi cha kwanza, lakini lenyewe si kitenzi, hali kadhalika "always" na "never". Mstari uyaruke maneno hayo.

Tahadhari moja inahitajika. Baadhi ya vitabu vya sarufi huingiza shamirisho ndani ya kirai kitenzi, hata "football" ikahesabiwa. Vingine huishia kwenye kitenzi kikuu. Kwa shule ya msingi tunashauri maana hii ya pili, na mwalimu aishikilie hiyo moja, asiwachanganye watoto.

Juma lililofuata kijana yule alirudi darasani. Aliwaambia watoto waziwazi kuwa fasili ya awali ilikuwa na kasoro, kisha akamwita msichana yule ubaoni. Safari hii mstari wake ulianza chini ya "have", ukapita "been", ukaishia "playing". Ninyi mnaojiandaa kwenda shuleni, mtoto anapokosa, ulizeni kwanza ni kanuni gani aliyoifuata, na ni nani aliyempa.