Mongezi Feza na Tarumbeta la Uhamishoni

Mongezi Feza alizaliwa mwaka 1945 mjini Queenstown, kusini-mashariki mwa Afrika Kusini. Alishika tarumbeta akiwa mtoto wa miaka 8 hivi, na kabla hajatimiza 18 alikuwa tayari amejiunga na bendi ya jazi ya Blue Notes. Bendi hiyo ilikuwa na mpiga piano Mzungu, Chris McGregor; wengine wote walikuwa Weusi. Chini ya sheria za ubaguzi wa rangi, Mzungu na Weusi kupanda jukwaa moja kulikuwa kujitafutia balaa.

Wakati huo Feza alipuliza kama vijana wengi wa umri wake walioiga Marekani: bibopu, jazi ya mwendo wa kasi, noti zikimiminika bila kukanyagana. Mwaka 1964 bendi ilialikwa kwenye tamasha la Antibes, Ufaransa, na baada ya hapo haikurudi nyumbani. Wakakaa Uswisi kwa muda, na mwaka 1965 wakaingia London.

Ugenini ndiko upulizaji wake ulikogeuka. Jazi huria, isiyofungwa na mpangilio wa noti zinazopigwa pamoja (chords) wala mapigo ya kudumu, ilikuwa imeshika kasi Ulaya, naye akaingia humo mzimamzima. Ajabu ni kwamba kadiri alivyozidi kuachana na kanuni za bibopu, ndivyo kwela, muziki wa mitaani wa Afrika Kusini, na nyimbo za nyumbani zilivyozidi kusikika: vipande vifupi vya kurudiwarudiwa, kisha mlio mkali unaopasuka ghafla. Mara nyingi alitumia tarumbeta la mfukoni. Ukiliona utadhani la kuchezea watoto, kumbe bomba lake lina urefu uleule wa tarumbeta la kawaida, karibu mita 1.4, ila limekunjwa mara nyingi zaidi.

Alipuliza katika Brotherhood of Breath, bendi kubwa ya McGregor, na katika makundi ya mpiga saksafoni Dudu Pukwana. Mwaka 1972, nchini Sweden, alirekodi albamu ya Music for Xaba pamoja na mpiga besi Johnny Dyani na mpiga ngoma Mturuki Okay Temiz. Hapo ndipo pa kumsikilizia, kwa kuwa wenzake wawili tu hawawezi kumfunika. Wapenzi wa roki walimfahamu kupitia Rock Bottom, albamu ya mwanamuziki Robert Wyatt ya mwaka 1974, ambamo milio ya tarumbeta lake imerundikwa tabaka juu ya tabaka. Wyatt alirekodi pia Sonia, utunzi wa Feza mwenyewe. Hata hivyo sifa nyingi zilibaki kwa wenye bendi, na hilo linaeleza kwa nini jina lake halivumi.

Alifariki London tarehe 14 Desemba 1975 kwa nimonia, akiwa na miaka 30. Wenzake waliamini kwamba hospitalini hakutibiwa ipasavyo. Siku 9 baadaye McGregor, Pukwana, Dyani na mpiga ngoma Louis Moholo waliingia studio wakitoka kwenye ibada ya kumkumbuka, wakapiga bila kupanga lolote. Kampuni ya Ogun ikaitoa kazi hiyo kwa jina la Blue Notes for Mongezi. Moholo, aliyerejea Afrika Kusini mwaka 2005, aliendelea kwa miaka mingi kupiga utunzi mwingine wa Feza, You Ain't Gonna Know Me 'Cos You Think You Know Me, na wanamuziki vijana wakaupokea kwake.