Mtutu Mfupi

Katika mwaka wa masomo wa 2024/2025 nilikuwa Texas, Marekani, nikifunza Kiswahili katika chuo kikuu kimoja. Mtihani wa mazungumzo ulipowadia, niliwataka wanafunzi wangu wateue jambo linaloshughulisha fikra zao na kunisimulia kwa dakika kumi. Mmoja aliteua mapishi, mwingine talaka ya wazazi wake. Wa tatu, mwanajeshi mstaafu aliyenizidi umri kwa miaka mingi na asiyeacha kuniita "Mwalimu", akasema: "Mwalimu, mimi ninachagua jukwaa la bunduki."

Nilicheka. Jukwaani hupanda waigizaji na wanasiasa! Baadaye nilitambua kwamba alikusudia silaha zinazochangia muundo mmoja, ambazo mtu huteua miongoni mwazo kisha akaiunda yake. Tukaafikiana kusema "ukoo wa bunduki". Kicheko kilinikauka aliponiambia kuwa yake itakuwa na mtutu mfupi.

Nilikuwa na umri wa miaka tisa majambazi walipoingia dukani kwa baba. Aliyesimama mlangoni alifunua koti, akatoa bunduki iliyokatwa mtutu. Hawakumuua mtu. Hata hivyo, hadi leo nikimwona mtu amevaa koti katika jua kali, mimi hubadili njia. Ndiposa nikamuuliza, kwa ukali usiomfaa mwalimu, ni mtu gani mwema anayehitaji bunduki ya kufichika.

Hakuudhika. Alinieleza kuwa hofu kama yangu ndiyo iliyotunga sheria ya kwao ya mwaka 1934, iliyoyalenga magenge ya wahalifu. Mswada wa awali ulizijumuisha hata bastola. Bastola zikaondolewa, kanuni ya mitutu ikabaki. Hivyo bastola, iliyo rahisi zaidi kufichwa, haihitaji usajili huo, ilhali bunduki kama aliyoitaka, ikiwa mtutu wake haufiki inchi 16, sharti isajiliwe na serikali kuu kwa picha na alama za vidole, na kibali kipatikane kabla ya kuundwa. Kodi yake ilikuwa dola 200, kiwango kilichowekwa mwaka ule ule wa 1934.

Kisha akanyosha mkono wa kushoto, ambao jeraha la vitani liliunyima nguvu. Mtutu mrefu hupeleka uzito mbele, akasema, na mkono ule hulemewa.

Hapo alichangamka, na Kiswahili chake kikachangamka pia. Ukoo wa AK aliupenda kwa sababu kitako chake chaweza kukunjwa. Lakini mtutu wake hushindiliwa katika kiunzi kwa nguvu ya mashine, na kuubadilisha ni kazi ya fundi. AR-15, iliyotokana na kazi ya Eugene Stoner katika kampuni ya ArmaLite miaka ya 1950, ina springi ndani ya kitako, kwa hiyo kwa kawaida haikunjiki. Ila ni nyepesi, na hugawanyika vipande viwili kwa kuchomoa pini mbili tu. Kipande cha chini ndicho chenye nambari na ndicho kinachosajiliwa. Cha juu, pamoja na mtutu wake, chaweza kubadilishwa. Ikabaki risasi. Ile ya milimita 5.56 hutegemea kasi, na ilibuniwa kwa mtutu wa inchi 20. Ukiufupisha sana, kasi hupungua, mwako na kishindo huzidi. Akateua .300 Blackout, ambayo baruti yake huungua vyema katika mtutu wa inchi 9.

Nilimpa alama ya juu kabisa katika msamiati, ingawa nusu ya msamiati ule nilijifunza kwake. Alinialika kwenye uwanja wa shabaha. Nilimjibu kwamba sheria za Marekani kwa kawaida hazimruhusu mgeni mwenye viza ya muda kumiliki wala kushika silaha. Ilikuwa kweli, tena ilinisitiri.

Nilirejea nyumbani kuendelea na shahada ya uzamili. Julai 2025 ilitiwa sahihi sheria iliyoifanya kodi ile kuwa sifuri kuanzia Januari 2026. Usajili ukabaki palepale. Yeye alikuwa amengoja. Juzi aliniandikia kwamba kibali kimetoka, na kwamba aliyeunda bunduki hutakiwa achore jina lake na mji wake kwenye kiunzi. Kuna nafasi ya neno moja zaidi, akasema, naye angependa liwe la Kiswahili, nimchagulie mimi.

Niliandika "mkono", nikafuta. Niliandika "koti", nikafuta. Barua yake bado sijaijibu.