Mama Aliyetuhoji Kabla ya Kumpokea Subira

Nashuhudia kwamba mama yangu alikubali kuhama Kawetele, kwetu Rungwe, pale tu ng'ombe wake alipopata pa kukaa. Kabla ya hapo tulikuwa tumembembeleza sana: mimi, kaka zangu, mchungaji, hata daktari aliyeipiga picha nyonga yake na kusema bila kuficha kwamba mwanamke wa umri wake hawezi tena kushuka mabondeni kukata majani kwenye utelezi. Mama aliwasikiliza wote kwa adabu, akawakaribisha chai, kisha akauliza, "Na Subira anabaki na nani?"

Subira ni chotara wa Friziani, mweusi mwenye doa jeupe usoni. Bibi yake aliingia nyumbani kwetu akiwa mtamba, kwa ule mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe ambao watu wengi wa Rungwe wanaufahamu: unapewa mtamba mwenye mimba, naye akizaa jike, unamtoa kwa jirani aliye kwenye foleni. Mama alilipa deni lake, na kilichobaki kwenye kiwele kikanisomesha uuguzi. Kwa hiyo mtu asidhani kuwa swali lake lilikuwa kisingizio cha mzee asiyetaka kuhama. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwetu miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu chake Good Company mwaka 1951, alikuta Wanyakyusa wakilaza ng'ombe ndani ya nyumba walimolala wenyewe. Mama amelelewa na watu waliolelewa hivyo.

Mimi ninaishi Mbeya mjini, kwenye kiwanja ambacho ukianika nguo uani hakuna pa kupita. Kumpeleka Subira huko haikuwezekana. Kumuuza mama hakutaka kusikia. Ikabaki njia moja, kumtafutia mtu wa kumlea.

Kumweka ng'ombe kwa mtu mwingine ni jambo la kale. Wazee waligawa mifugo yao kwa marafiki, ugonjwa ukiingia boma moja usiwamalize wote, na mlezi alipata maziwa, na baada ya muda ndama. Lakini ng'ombe wa zamani alikuwa wa kienyeji, mdogo, mwenye kujitafutia malisho na maji mtoni. Ng'ombe wa maziwa wa leo hukaa bandani tangu kuzaliwa. Kila jani analokula limeletwa na mkono wa mtu, na asipoletewa maji hana pa kuyatafuta. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji kilo 40 hadi 50 za majani mabichi kwa siku. Akiwa anakamuliwa anaweza kunywa lita 60, 80, au zaidi, kwa kuwa maziwa yenyewe ni maji kwa karibu asilimia 87. Ukimpa ndoo moja asubuhi na moja jioni hafi, ila maziwa yanapungua na mwenye ng'ombe aliye mbali anaambiwa kwamba mbegu ilikuwa mbaya.

Tulianza kwa ndugu, kama desturi inavyotaka. Mimi niliamini kwamba suala limekwisha, maana banda la ndugu yetu lilikuwa na paa jipya la bati linalong'aa. Mama hakuangalia paa. Alisimama mlangoni akawatazama ng'ombe wawili waliokuwamo, wote wamesimama ingawa ilikuwa saa sita mchana na walikuwa wameshakula. Akaniambia kwa sauti ya chini niangalie miguu. Ilikuwa imezama kwenye tope hadi juu ya kwato. Ng'ombe mwenye raha hulala saa 10 hadi 14 kati ya saa 24, na hapo ndipo hucheua vizuri. Akikosa pakavu husimama, na akichoka kabisa hulala kwenye kinyesi, chuchu zinagusa uchafu, na ugonjwa wa kiwele unaingia. Tukala ugali, tukashukuru, tukaondoka. Mama alimwambia ndugu yetu ukweli wakiwa wawili tu nyuma ya banda, na hakuna aliyekasirika.

Huku kwetu tope ndilo adui mkubwa wa ng'ombe wa ndani. Rungwe mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na mwezi wa nne hata kuku huchoka. Majani hayatusumbui: magwatemala na mabingobingo yanaota kwenye kila ukingo wa shamba, migomba iko mlangoni. Kwa hiyo wafugaji wengi wana chakula cha kutosha lakini hawana sakafu. Kuwa na majani mengi nako kuna mtego wake, kwani mgomba uliokatwakatwa hujaza tumbo, na karibu wote ni maji. Ng'ombe anayelishwa migomba kwa wingi anaonekana ameshiba huku mbavu zikihesabika.

Sehemu ya pili ilikuwa shamba kubwa, nje kidogo ya mji. Sakafu ya zege, mifereji, pumba na mashudu kwenye magunia yaliyopangwa, kijana anayeandika lita kwenye daftari. Nilivutiwa sana. Mama aliomba aruhusiwe kumgusa ng'ombe mmoja, akampapasa magoti ya mbele. Yalikuwa yamevimba na manyoya yamekatika. Zege tupu, bila maranda wala majani makavu juu yake, huumiza magoti kila ng'ombe anapolala na kuinuka. Kisha akampungia mkono usoni, polepole, na ng'ombe akaruka nyuma kwa hofu. Mama akasema tu, "Anapigwa."

Miezi kadhaa baadaye nilisoma kuhusu kanuni tano za ustawi wa wanyama, zilizotokana na ripoti ya kamati ya Brambell nchini Uingereza mwaka 1965: mnyama asiwe na njaa wala kiu, asikae mahali pa taabu, asiachwe na maumivu au ugonjwa, apate nafasi ya kuishi kwa tabia yake ya asili, asiishi kwa hofu. Na sisi tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Nilipozisoma kanuni hizo nilimkumbuka mama akiwa amepiga magoti kwenye sakafu ya mtu, fimbo yake kando. Zote tano alikuwa akizipima kwa vidole.

Mlezi tuliyempata anakaa Kawetele humohumo, upande wa pili wa bonde. Ni mama mjane, mdogo kwa mama yangu, mwenye ng'ombe wawili na nafasi ya mmoja zaidi. Banda lake ni la mbao za kawaida na bati kuukuu. Hatukumpigia simu. Tulifika asubuhi na mapema, mvua ikinyesha, tukamkuta ananawa mikono kwa sabuni kabla ya kukamua. Mimi ni muuguzi, naijua tofauti kati ya mtu anayenawa kwa sababu anatazamwa na yule anayenawa kwa mazoea. Aliosha kiwele, akakikausha kwa kitambaa, akakamulia matone ya kwanza kwenye kikombe cheusi ili aone kama yana mabonge. Ng'ombe alikuwa akicheua, amefumba macho nusu. Sakafu yake ya mawe na saruji ilikuwa na mteremko mdogo kuelekea mfereji, na malalo yamejazwa maranda makavu. Hori la maji lilikuwa limejaa.

"Shikamoo mama," alisema alipomaliza, hakukatiza kazi.

"Marahaba mwanangu. Tumekuja na shida."

Tukamweleza. Nilitegemea ataulizia malipo. Badala yake alianza kutuhoji. Huyo ng'ombe ana mimba? Ya miezi mingapi? Alihimilishwa lini na kwa mbegu gani? Aliwahi kuugua ndigana kali? Anapulizwa dawa ya kupe kila baada ya muda gani, na dawa ipi? Chuchu zote nne zinatoa? Anapiga teke? Amezoea kukamuliwa na mwanamke au mwanaume? Mama alijibu yote, uso wake ukizidi kufunguka. Yule mama akaongeza kwamba Subira hataingia bandani mwake kabla ya kupulizwa dawa na kuangaliwa na mtaalamu wa mifugo, kwani hawezi kuhatarisha wake wawili kwa ajili ya wa mgeni.

Hapo nilimwona mama akitulia mabega. Njiani aliniambia kwamba mtu anayepokea ng'ombe bila kuuliza kitu ana nafasi bandani, ila hana nafasi moyoni. Maneno hayo nimeyashika.

Kulikuwa na jambo moja la kwetu ambalo mama alilisisitiza. Siku hizi Rungwe imejaa parachichi, na matawi yanapopogolewa ni rahisi mtu kuyatupia ng'ombe. Majani ya mparachichi yana sumu iitwayo pasini. Huharibu kiwele cha mnyama anayenyonyesha, na yakiliwa kwa wingi huumiza moyo. Tena nyasi zinazoota chini ya miti iliyopigwa dawa ya wadudu hazifai kukatwa kabla ya muda ulioandikwa kwenye chupa kupita. Mlezi wetu ana miparachichi. Alitupeleka kuonyesha anakotupa matawi, mbali na banda.

Mkataba tuliandika kwenye karatasi, mbele ya mwenyekiti na mashahidi. Nashauri kila mtu afanye hivyo, hasa mkipendana. Maziwa ni ya mlezi, isipokuwa lita chache za mama kila wiki. Samadi yote ni yake, nayo ina thamani kubwa kwa mwenye migomba na miparachichi. Ndama jike wa kwanza ni wetu, wa pili ni wake, na dume likiuzwa tunagawana. Dawa, chanjo na uhimilishaji tunalipa sisi. Akiona dalili za joto atoe taarifa siku hiyohiyo, kwa sababu joto hurudi baada ya siku 21 tu na likipita umepoteza majuma matatu ya kumlisha bure. Dalili zikionekana asubuhi, mhimilishaji aje jioni. Miezi miwili ya mwisho ya mimba Subira hakamuliwi, hata maziwa yakipanda bei. Akifa, mtaalamu aitwe ampasue na kuandika sababu. Na sisi tuna ruhusa ya kufika saa yoyote bila kubisha hodi mara mbili. Kipengele hicho mlezi mwenyewe aliomba kiandikwe.

Mama alihamia kwangu. Nyonga yake ilitengenezwa, na sasa anatembea hadi kanisani kwa fimbo moja. Kilichonishangaza ni mabadiliko yangu mimi. Tangu utotoni ng'ombe kwangu alikuwa kazi: majani kichwani kabla ya shule, samadi kwenye vidole, harufu ambayo wenzangu wa mjini waliitania. Nilimheshimu Subira kwa sababu ya ada. Sasa ninapofika Kawetele naingia bandani kabla ya kuingia sebuleni. Napapasa magoti. Naangalia ndani ya masikio, mahali kupe anayeeneza ndigana kali anapopenda kujificha. Nasubiri nimwone akilala na kucheua, hata ikichukua muda mrefu, na muda huo sioni kuwa umepotea. Hata wodini nimebadilika: nimeanza kumtazama mgonjwa alivyolala kabla ya kusoma faili lake.

Usiku Subira alipozaa, mlezi alipiga simu. Mama aliamka kabla yangu. Ndama alikuwa jike, amesimama mwenyewe, na mlezi alikuwa tayari akimnywesha dang'a, kwa maana maziwa yale mazito ya mwanzo yasipomfikia ndama ndani ya saa sita za kwanza kinga yake inakuwa dhaifu. Mama alimshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, mwanangu," akarudi kulala. Alilala hadi jua likatoka, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya maishani mwake.

Kwa hiyo nasema na wewe uliye Mbeya, Dar es Salaam au popote, uliyemwacha ng'ombe wa mzazi wako kwa mtu na unamlipia kwa simu. Panda basi uende mwezi wa nne, mvua ikiwa kali. Fika saa kumi na mbili asubuhi wakati wa kukamua, bila kutoa taarifa. Shika magoti yake, angalia hori la maji, angalia anapolala. Ukikuta tope, usigombane na mtu. Nunua maranda siku hiyohiyo, kisha anza kutafuta mlezi atakayekuhoji.