Wakimbizi Waliogeuka Wakimbiaji

Mpenzi msomaji, leo tuanze na kitenzi kimoja tu: kukimbia. Kitenzi hiki kimezaa nomino mbili zinazofanana kama mapacha, ingawa hazilali nyumba moja. Mkimbiaji ni mtu aendaye mbio kwa hiari yake, na mara nyingi hushangiliwa. Mkimbizi ni mtu aliyekwenda mbio kwa sababu kubaki kungemwangamiza, wala hakuna aliyemshangilia. Mzizi huohuo umetupa neno kimbilio, yaani mahali pa kusalimika. Mimi ni mwalimu wa sekondari, mzaliwa wa Uvira, na kimbilio langu ni Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Nimekuwa mkimbizi kwa miaka mingi. Nitakusimulia alasiri moja niliyokuwa mkimbiaji, na kosa nililolifanya katika alasiri hiyo.

Wazo la mbio zetu halikuanzia kwetu. Mwaka 1938, mjini Kuala Lumpur, Waingereza waliokuwa wakifanya kazi katika Malaya ya kikoloni walianzisha kikundi cha mbio za mzaha kilichoitwa Hash House Harriers. Mmoja hutangulia akitia alama njiani, wenzake humfuata wakipotea na kucheka, na mwisho wa safari ni bia. Mchezo huo ulienea duniani. Wageni wanaofanya kazi katika miji ya China kama Shanghai na Beijing wanaufanya, na hata Kampala kuna kikundi chake. Wengine hugeuza mchezo kuwa mbio za kutoka baa moja hadi nyingine, kila kituo glasi moja, na mshindi ni yule anayefika mwisho akiwa bado anakumbuka jina lake.

Nilipowasimulia walimu wenzangu habari hizi, mmoja aliuliza: “Kwani sisi si wageni? Mbona wageni wa Shanghai wanakimbia kwa raha, na sisi tulikimbia kwa machozi tu?” Tulicheka, kisha tukanyamaza, kisha tukaamua kwamba nasi tutakimbia.

Nakivale inafaa sana kwa mchezo huo. Makazi haya yalianza kupokea wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati Watutsi wa Rwanda walipovuka mpaka. Leo yana zaidi ya watu laki moja, kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko. Ukitembea Base Camp kwa nusu saa utakuwa umepita harufu za nchi nne. Kwa kuwa baadhi yetu ni Waislamu na wengine hawanywi pombe, tulikubaliana kwamba mbio zetu zitakuwa za vikombe, si za chupa. Vituo vilikuwa vinne: chai kwa Msomali, kasiksi au soda kwa Mkongomani, kahawa kwa dada wa Ethiopia, na maziwa kwa bibi mmoja Mnyankole, mwenyeji wa eneo hili.

Tulichagua Julai 7, 2023, Siku ya Kiswahili Duniani. UNESCO ilichagua tarehe hiyo kwa sababu Julai 7, 1954 chama cha TANU, chini ya Julius Nyerere, kilitangaza Kiswahili kuwa chombo cha kupigania uhuru. Walimu kumi na wawili tulikaa kikao. Tulichanga shilingi elfu tano kila mmoja, tukanunua jogoo awe zawadi, na zilizobaki zikawa za vinywaji. Tuligawanyika katika timu nne za watu watatu, na hakuna timu iliyoruhusiwa kuwa na watu wawili wa nchi moja. Mimi ndiye niliyependekeza sheria kuu: katika kila kituo, mtu ataagiza kwa Kiswahili pekee. Anayetumia lugha nyingine, timu yake itasimama dakika tano. Sheria ilipita kwa kura zote, na nikajiona mzalendo.

Mwenzetu mmoja mwenye mvi alikataa kukimbia. Alisema: “Nimekwisha kukimbia nchi mbili. Ya tatu kimbieni ninyi.” Tukamfanya mwamuzi, tukampa saa na filimbi.

Tulianza baada ya swala ya Ijumaa. Kituo cha kwanza kilitushinda kabla hatujashtuka, kwani chai ya Kisomali yenye maziwa, iliki na mdalasini huletwa ikiwa ya moto mno, na haraka haina nguvu juu ya ulimi ulioungua. Mwalimu wa hisabati alikokotoa kwamba kumimina chai kutoka kikombe hadi kikombe kungeipoza haraka zaidi, naye akamimina nusu yake kwenye kiatu. Kituo cha pili kilikwenda upesi. Waliochagua kasiksi, ile pombe ya ndizi ya kwetu, walitoka wakiimba, na waliochagua soda walitoka wakicheua.

Kituo cha tatu ndicho kilichotufunza subira. Huko Ethiopia kahawa si kitu cha kunywa ukiwa umesimama. Mwenyeji huikaanga mbele yako, huitwanga, huichemsha katika jebena, na humimina mara tatu. Kikombe cha kwanza huitwa abol, cha pili tona, cha tatu baraka. Neno hilo la mwisho unalijua, msomaji wangu, kwani Kiswahili nacho kililipokea kutoka Kiarabu. Timu moja, kwa tamaa ya jogoo, iliondoka baada ya kikombe cha pili. Dada yule aliwafuata hadi barabarani akipaza sauti: “Baraka! Baraka!” Mwamuzi alipuliza filimbi, akawarudisha. Alisema kwamba hatawapa jogoo watu waliokimbia baraka.

Hivyo ndivyo timu yetu ilivyopata uongozi. Tulikuwa mimi, mwalimu wa hisabati kutoka Somalia, na mwalimu wa jiografia, Mnyankole wa Mbarara. Huyu wa tatu alikuwa na pumzi fupi, akabaki nyuma. Sisi wawili tuliingia mbio katika kibanda cha maziwa. Nikapiga meza kwa kiganja, nikasema kwa sauti kubwa: “Maziwa! Lete maziwa! Haraka!”

Bibi aliyekuwa ameshika jagi aliliweka chini. Alirudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa ukuta, akainua mikono yake miwili kidogo, viganja vikituelekea sisi.

Mwenzetu alipofika mlangoni aliona hali ile, akaniambia kwa upole: “Mwalimu, keti.” Kisha akazungumza na bibi kwa Runyankole, kwa muda mrefu. Hakujali dakika tano wala kumi. Baadaye alitufasiria. Bibi alikulia Mbarara. Alikuwa msichana mdogo katika siku za Idi Amin, ambapo Kiswahili kilikuwa lugha ya askari. Februari 1979 jeshi la Tanzania, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, liliuteka mji huo katika vita ya Kagera, na sehemu kubwa ya mji iliharibiwa. Waliokimbia waliamrishana kwa Kiswahili, na waliokuja waliamrishana kwa Kiswahili. Bibi alisema kwamba maneno ya kwanza ya lugha hii aliyoyajua maishani mwake yalikuwa ni “lete”, “haraka” na “lala chini”. Mimi nilikuwa nimemwambia mawili kati ya hayo matatu.

Nilitaka kujitetea. Nilitaka kusema kwamba Kiswahili ni lugha ya undugu, kwamba mimi mwenyewe nilikimbia watu wenye bunduki, na kwamba Kiswahili ndicho kilichoniunganisha na Mrundi na Msomali. Yote hayo ni kweli. Lakini hata ukweli wake ulikuwa kweli, na kibanda kilikuwa chake.

Tulikaa. Mwenzangu alinifundisha kusema “Agandi”, yaani kumjulia mtu hali. Bibi alijibu, “Ni marungi.” Akatumiminia maziwa. Wakati tukinywa, timu zote tatu ziliingia na kutoka, kwa sauti ya chini baada ya kumwona mwamuzi amevua kofia yake. Ile timu iliyorudishwa kunywa baraka ndiyo iliyoshinda jogoo. Sisi tulikuwa wa mwisho.

Sasa nakuomba ufikiri nami kama raia, si kama mwanafunzi wa lugha tu. Nchini Uganda, marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliweka Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mimi naunga mkono hatua hizo, na mkate wangu unatoka humo. Hata hivyo, sheria yetu ya mbio ilipita kwa kura zote kumi na mbili, na ilikuwa na kasoro moja iliyo wazi: wauzaji wanne ambao ingewagusa hawakuitwa kikaoni. Kura zote za waliomo chumbani si kura za wote. Aliye nje ya mlango ndiye hubeba uzito wa sheria, na mara nyingi ndiye ajuaye mahali inapochoma.

Mwaka uliofuata tulirekebisha sheria baada ya kuwauliza wenye vibanda. Sasa kila mkimbiaji humsalimu mwenyeji kwa lugha ya mwenyeji, kisha huomba ruhusa ya kuendelea kwa Kiswahili. Neno “lete” limepigwa marufuku, na tunasema “naomba”. Bibi hakuwahi kunijibu kwa Kiswahili hadi leo, na hiyo ni haki yake. Mimi hununua maziwa kwake kila Jumamosi, husema “webare munonga” kwa kumshukuru, naye huucheka ulimi wangu mzito.

Zoezi la leo, msomaji wangu, ni fupi. Kwanza, tunga sentensi tatu ukitumia mkimbizi, mkimbiaji na kimbilio. Pili, andika njia tatu za kuomba kitu kwa Kiswahili bila kutumia “lete” wala “nataka”. Tatu, mwulize mzee mmoja wa karibu nawe neno la kwanza la Kiswahili alilolisikia lilikuwa lipi, na nani alilisema. Msikilize hadi mwisho kabla ya kumjibu.