Feni Iliponguruma, Tulimhukumu Ndugu Yetu



Sisi ni mafrateri watatu wa falsafa, wa umri wa miaka 25 au karibu na hapo, na mwaka huu tumekabidhiwa ufunguo wa chumba cha kompyuta. Kompyuta zetu ni za mezani, za zamani, na zinatumia Linux kwa kuwa ni nyepesi na haina malipo. Mojawapo tunaiita "ghala", maana humo tunahifadhi notisi, insha na video za matukio ya seminari.

Wiki mbili kabla ya mitihani kompyuta hiyo ilianza kuugua. Kila tulipofungua programu ya kuonyesha mafaili, feni ilinguruma kama mashine ya kusaga, mshale ukaganda kwenye skrini, na aliyekuwa akiandika insha akabaki ameshika tama. Siku mbili kabla ya hapo, frateri mmoja wa mwaka wa kwanza alikuwa amechomeka flashi yake. Ndani ya flashi hiyo tuliona vijifaili vya ajabu, vile ambavyo kila anayechapisha kazi zake steshenari anajua kuwa ni alama ya virusi. Tukaunganisha mambo mawili: flashi imeingia, kompyuta imeugua. Wakati wa chakula cha mchana tukatangaza mbele ya wote kwamba frateri yule ametuletea virusi, na kwamba asiguse kompyuta mpaka tumruhusu. Hakubisha. Aliinamisha kichwa akaendelea kula maharage yake.

Kisha tukaanza matibabu. Tulizima na kuwasha, ugonjwa ukarudi. Tulifungua kasha tukapangusa vumbi kwenye feni. Kelele ikabaki ileile. Siku ya tano mmoja wetu akauliza swali ambalo tulipaswa kuanza nalo: ni programu gani hasa inayoichosha kompyuta?

Swali hilo lina jibu. Kwenye Linux unafungua dirisha la kuandikia amri, unaandika top, na unaletewa orodha ya programu zote zinazofanya kazi, pamoja na asilimia ya prosesa inayotumiwa na kila moja. Tulitazamia kuiona programu ya mafaili juu kabisa. Haikuwa hapo. Juu yake kulikuwa na msaidizi wake, programu ndogo inayotengeneza vipicha vya kuonyesha kilichomo ndani ya video au picha kabla hujaifungua. Msaidizi huyo alisoma asilimia 100, yaani kiini kimoja kizima cha prosesa kilikuwa kinamtumikia yeye peke yake.

Tulimsimamisha, feni ikatulia. Tukafungua folda ya video, akarudi na kelele zake. Tukafungua folda ya notisi, kimya. Basi tatizo lilikuwa kwenye video, nazo zilikuwa 32. Tulihamisha nusu yake kwenye folda mpya tukatazama ni upande gani unaoleta kelele. Upande huo tukaugawa tena: 16, 8, 4, 2, moja. Kwa hatua tano tu tukalipata faili lenyewe.

Lilikuwa video ya Misa ya upadrisho, na haikuwa nzima. Ilikuwa imekatika katikati wakati wa kunakiliwa. Msaidizi alijaribu kuisoma, akakwama, akajaribu tena bila mwisho. Tukatazama tarehe ya faili. Lilikuwa la wiki tatu kabla ya flashi ya yule frateri. Tukakumbuka vizuri jioni ile: kengele ya Masifu ilikuwa imegonga, tukachomoa flashi kabla kazi haijaisha, tukakimbilia kanisani. Tulioharibu ni sisi.

Kwa nini basi ugonjwa ulijitokeza baadaye? Kwa sababu vipicha hutengenezwa pale tu folda inapofunguliwa. Video zile zilikuwa zimefichika ndani kabisa, na wiki ileile ya flashi sisi wenyewe tulizihamishia kwenye folda inayofunguka ya kwanza. Na vile vijifaili vya ajabu? Virusi vya namna ile vimetungwa kwa ajili ya Windows. Kwa kawaida haviwezi kujiendesha kwenye Linux.

Tunaona aibu kuandika haya, maana muhula huo huo tulikuwa tumefanya mtihani wa mantiki. Kosa letu lina jina la Kilatini ambalo kila frateri wa falsafa analikariri: post hoc, ergo propter hoc. Jambo kutokea baada ya jingine hakuthibitishi kwamba limesababishwa nalo. Tulilijua kwenye karatasi, mezani tukalisahau. Mtakatifu Thoma wa Akwino katika Summa Theologiae anafundisha kwamba jambo lenye shaka lichukuliwe kwa upande ulio mwema. Afadhali ukosee mara nyingi kwa kumdhania mema mtu mbaya, kuliko ukosee mara chache kwa kumdhania mabaya mtu mwema. Na Katekisimu, inapoeleza amri ya nane, inataja hukumu ya haraka (namba 2477), kisha inadai malipizi kwa aliyevunjiwa heshima (namba 2487).

Tulimfuata jioni. Tulimkuta darasani akiandika insha yake kwa mkono, karatasi ya tisa. Tulimweleza yote tukaomba msamaha. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo kesho naweza kuja kuichapa?" Hilo tu. Swali lile lilituuma kuliko lawama. Kwa kuwa tulimshtaki mbele ya wote, kesho yake wakati wa chakula tulisimama tukasema mbele ya wote kwamba kosa lilikuwa letu.

Faili bovu tulilifuta, tukanakili video upya, safari hii tukisubiri hadi mwisho. Kwenye mipangilio ya programu ya mafaili tulizima utengenezaji wa vipicha, na kompyuta sasa inafunguka upesi. Parokia yenye kompyuta ya namna hii inaweza kufuata njia hiyohiyo: tazama kwanza ni programu gani inayokula prosesa, tafuta ni folda ipi inayoiamsha, gawa nusu kwa nusu. Mtu asitajwe mpaka kazi hiyo iishe.

Frateri yule alichapa insha yake kwenye ghala, siku mbili kabla ya mitihani. Tuombeane.